Buluu Mara Nne

Juzi binti yangu alinijia na simu mkononi akilalamika kwamba wimbo uleule umejirudia papo hapo, ilhali yeye amebonyeza alama ya kuchanganya nyimbo. "Mama, kwani hii inachanganya kweli au inatudanganya?" Nilipotaka kumjibu nikajikuta ninaisikia sauti ya Profesa nyuma ya kiti changu, katika kile chumba chetu kidogo cha majaribio.

Wakati huo nilikuwa ninaandika skripti ya jaribio la Stroop, lililopewa jina la mtafiti aliyelichapisha mwaka 1935: jina la rangi huandikwa kwa wino wa rangi nyingine, na mshiriki hutakiwa kuujibu wino bila kulijali neno. Kuliandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa msaada wa PsychoPy, zana yake ya majaribio ya saikolojia, hakukunisumbua sana. Skrini yetu ilijichora upya mara 60 kwa sekunde, hivyo msalaba uliotangulia kila neno niliupa fremu 30, yaani milisekunde 500, na maneno 96 niliyagawa sawasawa katika rangi nne, 24 kwa kila rangi, kisha orodha nzima ikachanganywa kama karata. Nilihifadhi pia mbegu ya kila mshiriki, ile namba ambayo kompyuta huanzia hesabu zake za nasibu, ili mpangilio wowote uweze kurudiwa jinsi ulivyokuwa.

Mwenzangu wa darasa alikubali kuwa wa kwanza kuketi, Profesa akasimama nyuma yetu. Karibu na katikati likaja neno KIJANI kwa wino wa buluu. Akabonyeza. Msalaba. NJANO, kwa buluu. Akabonyeza. Msalaba. KIJANI tena, buluu tena, na kidole chake cha shahada hakikuwa hata na haja ya kuhama. Lilipokuja NYEKUNDU, nalo kwa buluu, kidole kilisita juu ya kitufe bila kukigusa. Akashusha macho akaiangalia kibodi, akairudia skrini kana kwamba imekwama, ndipo akabonyeza. Neno lililofuata lilikuwa la kijani, na mengine yote yakapita bila kituko.

"Binti, programu yako ina hitilafu," alisema Profesa.

"Hapana, Profesa. Haina."

Nililiendesha jaribio upya kwa mbegu ileile, na zile buluu nne zikajitokeza palepale, kama zilivyopaswa. Nikazihesabu rangi mbele yake: 24 kila moja. Nikamwonyesha pia kwamba katika orodha ya namna ile, rangi moja kufuatana mara nne ni jambo la kutarajiwa kiasi cha mara moja kwa kila mshiriki, na kwamba lisipotokea kamwe kwa washiriki wote ndipo tungepaswa kuingiwa na shaka.

Alinisikiliza hadi mwisho, maana hilo hakuwa mchoyo nalo. "Na hesabu sina ugomvi," akasema. "Ugomvi wangu ni na kile kidole." Kwa kawaida jibu linalorudiwa huja haraka zaidi, na faili lilionyesha hivyo kwa buluu ya pili na ya tatu, lakini ya nne ilichelewa mno. Kwa mujibu wake, katika muda ule mshiriki hakuwa akipambana na neno na wino tena, bali alikuwa akitushuku sisi. Akanitajia Gellermann, mtafiti aliyechapisha mwaka 1933 mipangilio ya majaribio ya kuchagua kati ya vitu viwili, ambamo upande mmoja haufuatani zaidi ya mara tatu.

Nikamjibu kwamba tukiweka kikomo, mshiriki mwerevu atakapoona buluu ya tatu atakwisha kujua kisichokuja, na sisi tutakuwa tunapima ubashiri wake. Tukaona bora tumuulize mwenyewe. "Nilidhani kibodi imekwama," alisema mwenzangu. "Halafu nikawa na hakika kuwa inayofuata haiwezi kuwa buluu." Kikomo hatukuwa tumekiweka, kwa hiyo hakika hiyo aliingia nayo chumbani. Mimi na Profesa tuliangaliana, kila mmoja akiamini kwamba jibu lile limemuunga mkono yeye.

Sharti nililiweka, mistari michache tu: changanya, kagua, ukikuta rangi moja imefuatana mara nne changanya upya. Kompyuta hailioni hilo kuwa kazi. Kazi ilikuwa kwenye ripoti, ambako Profesa aliandika kwamba maneno yalipangwa kwa nasibu, akaweka nukta. Niliifuta nukta nikaongeza "isipokuwa kwamba rangi moja haikuruhusiwa kuzidi mara tatu mfululizo." Akairudisha nukta yake; sentensi, alisema, imekuwa ndefu bila sababu. Nikaifuta tena. Mwishowe maneno yangu yalibaki, ingawa ndani ya mabano, na mpaka leo ninapoiandika mistari ileile katika jaribio jipya sijaweza kuamua kama ninamwondolea mshiriki shaka au ninamthibitishia imani potofu aliyokuja nayo.