Jonas Mekas na jiko la bibi

Usiku nilipoanza kutazama filamu ya Jonas Mekas hapa nyumbani Lamu, simu nikiwa nimeiegemeza kwenye kidaka cha ukuta, kwa dakika kumi za mwanzo nilidhani simu imeharibika: picha zilirukaruka, na sura za watu zilitokea na kutoweka kabla sijazishika.

Mekas alizaliwa Lithuania mwaka 1922. Mwaka 1944 aliikimbia nchi pamoja na mdogo wake, Adolfas, wakakamatwa na Wajerumani na kutiwa katika kambi ya kazi. Vita vilipokwisha wakaishi miaka kadhaa katika kambi za wakimbizi, hadi walipofika New York mwishoni mwa 1949. Majuma machache baadaye alikopa fedha akanunua kamera ya Bolex, ambayo hutiwa ufunguo kama saa ya zamani na husimama baada ya nusu dakika hivi. Alipiga vipande vifupi vya theluji, harusi na wahamiaji wenzake, akaviunganisha miaka mingi baadaye. Mwaka 1962 alishirikiana na wenzake kuanzisha ushirika wa kusambaza filamu za aina hii, na mwaka 1970 wakafungua Anthology Film Archives, hazina ya kuzihifadhi. Kwangu, hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyefika mjini bila chochote.

Filamu niliyoitazama, Reminiscences of a Journey to Lithuania ya mwaka 1972, inaonyesha safari yake ya kurudi kijijini mwaka 1971, baada ya miaka 27. Sehemu ya mwisho, ya Vienna, haikunigusa. Lakini mama yake anapopika nje kwenye moto, nilirudisha nyuma mara tatu.

Nilimkumbuka mjomba wangu, aliyerudi kutoka Muscat baada ya miaka mingi, akawaacha wageni sebuleni na kwenda jikoni kumpiga bibi video akikuna nazi. Mikono tu inaonekana, na mbuzi, na moshi.

“Mjomba, mbona uso wa bibi haumo?” nilimuuliza.

“Uso naukumbuka, mwanangu. Mkwaruzo wa mbuzi ndio uliokuwa ukinipotea.”

Video hiyo ninayo bado. Haifiki hata dakika moja, kwa sababu bibi anamwambia aweke simu chini amletee maji ya kuchujia tui.