Siku moja ya mhakiki wa taarifa: makombora 41 kati ya 42

Watu wengi wakisikia kuwa kazi yangu ni kuhakiki taarifa hudhani kwamba nakaa mbele ya kompyuta nikigonga mihuri ya "kweli" na "uongo". Ningependa waione siku kama ya Jumatano iliyopita. Saa 10 na nusu alfajiri nilikuwa macho nyumbani Kimara, na kabla ya saa 1 asubuhi nilikuwa nimeshuka mwendokasi kituo cha Morocco na kuchukua bajaji hadi Mikocheni, ilipo redio yetu.

Saa 2 asubuhi, katika kikao cha wahariri, nilikabidhiwa mjadala wa saa 1 usiku. Mada ilikuwa mitambo ya kuzuia makombora, kwani tangu Iran ilipoirushia Israel zaidi ya droni na makombora 300 mwezi Aprili 2024, wasikilizaji wetu hawajaacha kubishana kama mitambo hiyo inafanya kazi kweli. Nilitakiwa kupitia hoja za wageni wawili na kuandaa dakika 2 za ukweli uliothibitishwa.

Video iliyokuwa ikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, ikionyesha anga la usiku likiwaka milipuko, haikunichukua muda. Mwanga na mshindo vilifika kwa pamoja, ingawa milipuko ilionekana kuwa kilomita kadhaa mbali, na sauti hutumia karibu sekunde 3 kwa kila kilomita. Ilikuwa imetolewa katika mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3, ambao watengenezaji wake walikwisha kuonya mwaka 2022 kwamba picha zake hutumiwa kama za vita halisi.

Saa 4 na robo nilimpigia mgeni wa kwanza, mzee mstaafu anayeheshimika sana katika vipindi vyetu. Alikuwa ameandika kuwa katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, Patriot, mitambo ya Marekani ya kuzuia makombora, zilidungua makombora 41 ya Scud ya Iraq kati ya 42. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwuliza takwimu hiyo ameipata wapi.

"Binti yangu," alisema, "rais wa Marekani mwenyewe aliitamka, dunia nzima ikisikia. Unataka ushahidi gani tena?"

Hapo ndipo siku yangu ilipokwama. Mzee hakukosea kwamba maneno hayo yalitamkwa, kwa kuwa George H. W. Bush aliitaja hesabu hiyo tarehe 15 Februari 1991, mbele ya wafanyakazi wa kiwanda cha Raytheon, watengenezaji wa Patriot, huko Andover, Massachusetts. Lakini kuthibitisha kuwa mtu amesema jambo si kulithibitisha jambo lenyewe, na tofauti hiyo nilikaa nikiieleza kwa karibu saa 2, simu ikikatika mara tatu, umeme mara moja, na mzee akianza hoja yake upya kila alipopokea. Nilimweleza kuwa Jeshi la Marekani lenyewe lilikuja kutaja mafanikio ya asilimia 80 Saudi Arabia na 50 Israel, kisha likazishusha hadi 70 na 40. Nikamweleza kuwa Theodore Postol wa chuo cha MIT alizichunguza picha za televisheni akahitimisha kwamba mlipuko uliokuwa ukishangiliwa angani mara nyingi ulikuwa wa Patriot yenyewe, na kwamba Scud zilizorefushwa na Iraq zilikuwa zikimeguka wakati wa kushuka, ikawa vigumu kutambua kipande kipi kimebeba baruti. Siku 10 baada ya hotuba ile, Scud moja iliangukia makazi ya askari wa Marekani huko Dhahran na kuua 28. Mtambo uliokuwa ukiwalinda ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na hesabu yake ya muda ilikuwa imepotoka kwa takriban theluthi moja ya sekunde, kiasi cha kutosha kutafuta kombora mahali lisipokuwepo.

Mzee alinyamaza. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, "Sasa mbona redio yenu nayo ilitangaza kwamba yalidunguliwa?"

Sikuwa na jibu. Mama lishe alikuja na wali maharage, akaondoka bila mimi kugeuka, kwa kuwa nilikuwa ndani ya kumbukumbu zetu nikisikiliza makala moja baada ya nyingine, hadi nikaipata. Ilikuwa ya kwetu kweli. Neno la Kiingereza alilotumia rais, "intercepted", lina maana ya kukatiza njia, na ofisa wa Jeshi alipohojiwa bungeni baadaye alifafanua kuwa lilimaanisha Patriot na Scud zilipishana angani. Sisi tuliandika "kudungua", na kwa msikilizaji wa Kiswahili kilichodunguliwa kimeanguka.

Sikumbuki vizuri ilikuwa saa ngapi nilipomfikia mgeni wa pili, mhadhiri kijana, aliyeandika kuwa Bunge la Marekani lilithibitisha Patriot zilishindwa kwa asilimia 91. Alikuwa ameigeuza ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge hilo ya mwaka 1992, iliyosema ushahidi wenye nguvu zaidi wa kuharibiwa kwa kichwa cha kombora, yaani sehemu yenye baruti, ulipatikana katika takriban asilimia 9 ya makabiliano. Zile 91 hazikuthibitishwa kushindwa. Zilikosa ushahidi wa kiwango hicho. "Dada, kwa hiyo unawatetea?" aliniuliza, nami, nikiwa na njaa na kichwa kikigonga, nilimsomea aya ile polepole mara mbili hadi akakubali kubadilisha sentensi yake.

Dakika zangu 2 zilisomwa hewani. Nilizimalizia kwa kueleza kuwa takwimu ya asilimia 99 ya droni na makombora kuzuiwa Aprili 2024 ilitangazwa na jeshi la Israel lenyewe, na kwamba takriban vyombo 170 katika hesabu hiyo vilikuwa droni zinazokwenda polepole, ambazo hazilingani na kombora la balistiki, linaloshuka kutoka juu kwa kasi kubwa. Mzee alipofika kwenye mwaka 1991 alisema "yalikabiliwa", akatua kidogo, kisha akaendelea.

Nilitoka ofisini baada ya saa 3 usiku, nikiwa nimeacha mezani kwa mhariri masahihisho ya makala yetu ya zamani, yenye neno moja lililobadilishwa na tarehe ya kosa, ili yasomwe katika taarifa ya saa 2 asubuhi.