Kabla hujakaa mbele ya bao la wakongwe

Anayepita Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, jioni baada ya laasiri, huwakuta wazee wameinamia ubao, mikono inakwenda kasi na hakuna anayemweleza mgeni kitu. Wengi huondoka wakidhani wameringiwa. Wakongwe hawaringi. Wanachofanya kina sababu ndani ya mchezo wenyewe, na sababu hizo zinafundishika.

Tuanze na kutandika. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane, na kila mchezaji ana safu mbili. Kete ni 64, komwe, yaani mbegu za kijivu zitokazo kwenye mkomwe, kila mtu 32. Nyumba, lile shimo la mraba la tano kutoka kushoto kwako katika safu ya mbele, hupewa kete 6. Mashimo mawili yanayofuata kuliani hupewa 2 kila moja. Zinabaki 22 mkononi. Mkongwe hutandika hivi bila kuangalia, nawe jizoeze nyumbani mpaka mkono ujue njia.

Hatua ya kwanza ni kunamua: kila zamu unatia kete moja ya mkononi katika shimo la mbele lenye kete. Shimo la mwenzako linalolikabili likiwa na kete, unakula, na kula ni lazima. Hapa ndipo wageni wengi huzomewa: wameona mchezo mzuri pembeni wakasahau kwamba kuna kete za kuliwa. Kabla hujatia kete, pitisha jicho mashimo yote manane ya mbele, moja baada ya jingine.

Kosa la pili ni mwelekeo. Kete ulizokula huanza kusambazwa kwenye kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Ukilia katikati, unachagua kichwa cha kulia au cha kushoto. Ukilia kwenye kimbi, yaani kichwa au shimo lililo jirani yake, huna hiari, unaanzia kichwa cha upande huohuo. Ukiendelea kula katika zamu hiyohiyo, mwelekeo haubadiliki, isipokuwa kimbi kikulazimishe. Ndiyo maana wazee huyafuata macho ya mgeni kuliko mkono wake. Macho yakisita kwenye kimbi, hajui.

Kuhusu nyumba, nitasema kwa kirefu, maana hapo ndipo mchezo hupotea. Mgeni huona kete zimejaa na hamu inamshika: akifika tu na kete ya mwisho, anasafiri, anazimwaga zote. Mkongwe hulala, yaani anaishia hapo, na nyumba inazidi kunona. Lakini hailindi kwa matumaini. Analitazama shimo moja tu: lile la mpinzani linaloikabili nyumba yake. Mwanzoni ni tupu. Likipata hata kete moja, nyumba yako inaweza kuliwa zamu inayofuata, kwa hiyo ama ulile shimo hilo kwanza, ama usafiri.

Kete za mkononi zikiisha, mnaingia hatua ya pili, mtaji. Sasa unacheza na shimo lenye kete 2 au zaidi, na shimo lenye zaidi ya 15 halianzishi ulaji. Kete za safu ya nyuma haziliwi, kwa hiyo waoga hurundika huko. Ni mtego: safu ya mbele ikiwa tupu umefungwa, hata kama nyuma umejaza ghala.

Adabu za barazani ni chache. Toa salamu kwa wote kabla hujaketi, na shikamoo kwa aliyekuzidi. Usikae mahali palipo na kikombe cha mtu, hata kama kimekauka, kwani atarudi. Muuza kahawa akipita na dele lake, unaweza kuwanunulia wanaocheza, lakini kikombe na kashata visiwekwe juu ya ubao, maana kete ikigubikwa hesabu huharibika. Usitaje mchezo unaouona wakati zamu haijaisha. Watazamaji wazee watataja, ndiyo, na kwa sauti. Wao wamekaa hapo miaka, na anayecheza amezoea kuwapuuza.

Ukifungwa, zitandike upya kete zako 6, 2 na 2, weka 22 pembeni, kisha mpishe anayesubiri.