Kigimbi kinachokaza ukitembea

Wanaovuka Likoni, hapa Mombasa, mnaujua ule mpando wa kutoka feri upande wa kisiwani. Watu wanamiminika mbio, na mimi kila nikifika katikati kigimbi cha kulia kinakaza kama kimefungwa kamba. Najisogeza ukingoni, najifanya napiga simu. Dakika mbili tatu kimeachia. Nikianza tena, umbali uleule, kimekaza tena.

Shangazi yangu wa Kibokoni alisema ni baridi yabisi, akanikanda kwa mafuta ya simsim. Nilimshukuru, ila hakuna kilichobadilika. Daktari aliposikia kwamba maumivu huja nikitembea na kuisha nikisimama, aliuliza mambo mawili tu: sigara na sukari. Vyote ninavyo.

Kipimo chenyewe hakina sindano. Unalala chali, unapimwa presha mikononi, kisha kwenye vifundo vya miguu, halafu ya mguu inagawanywa kwa ya mkono. Ikitoka 0.9 au chini, ateri za mguu, yaani mishipa inayouletea damu, zimeziba au zimekuwa nyembamba. Wangu wa kulia ulitoa 0.6. Kwa mwenye sukari ya miaka mingi, ateri zinaweza kukakamaa hata kipimo hiki kikadanganya kwamba uko sawa, kwa hiyo nikafanyiwa pia Dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita. Ateri ya paja ilikuwa na utando wa mafuta.

Nilitaka nizibuliwe palepale, kwa lile puto linaloingizwa kwenye mshipa. Daktari akasema puto na upasuaji vina wakati wake. Kwanza niache sigara, nimeze aspirini na atovastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, nishushe sukari, nitembee. Nitembee mpaka mguu uniume hasa, nisimame uachie, niendelee, dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki, na nisihukumu kabla ya wiki 12. Mtu mguu unamuuma, unamwambia atembee! Akanifafanulia kuwa maumivu yale ni msuli kukosa oksijeni, wala mwendo hauuharibu. Ukizoeshwa hujifunza kutumia vizuri damu kidogo inayoufikia.

Basi baada ya alasiri nikawa natoka kwenda Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni, kwa kuwa pale ni tambarare, pana upepo na pa kukaa. Nilihesabu kwa mibuyu. Mwanzoni mbuyu mmoja hadi wa pili ulinitoa jasho. Sasa naipita yote nikiongea. Sigara ndiyo iliyonitesa. Kahawa chungu ya barazani bila sigara, wallahi, ilikuwa adhabu.

Miguu naikagua kila usiku, nyayo kwa kioo, na peku sitembei hata uani. Kidonda kisichopona au mguu kuuma usiku nimelala, niende kliniki bila kungoja miadi. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, ni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane, maana baada ya saa chache unaweza kukatwa.