Mashua ya Mashindano, Pwani ya Bagamoyo

Nilikwenda Bagamoyo kuona magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, na Ngome Kongwe. Nimeviona, na kila mlango nimelipia. Bodaboda alinitoza nauli ambayo wenyeji walipoisikia walishika vichwa, na chumbani feni ilikuwa pambo tu. Lakini karibu na soko la samaki nilikuta mashua kuukuu imepandishwa juu ya magogo, nikashinda hapo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Sogea kivulini."

Fundi aliniambia mashua ile iliundwa na marehemu baba yake, na enzi zake ilikuwa ya mashindano. Siku za sikukuu haikuwapo ya kuipita. Akanionyesha omo, sehemu ya mbele ya mashua: jembamba, linakata maji bila kuyasukuma. Ndiyo maana hakubali kuzing'oa mbao zote kwa mpigo. Anatoa ubao mmoja uliooza, anaulaza juu ya mpya, anachora, anachonga kwa tezo, anaupigilia, ndipo anagusa wa pili. Ukizing'oa zote, mataruma, zile mbavu za mashua, yanalegea na lile umbo la mbio linapotea, na mchoro wa kulirudisha haupo. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, ni wa mvule na hakuugusa, bado mzima.

Kisha kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao. Alisokota pamba iliyolowa mafuta, akaishindilia kwenye maungio kwa patasi butu na nyundo ya mti, huku ametega sikio. Mlio ukiwa mzito, "bado". Ukiwa mkavu, "imeshiba". Nilijaribu kuusikia huo mkavu na mwishowe niliusikia, nikafurahi kupita kiasi. Chini itapakwa shahamu na chokaa, kuzuia wadudu watoboao mbao. Ikishushwa itavuja kwanza, mpaka mbao zinywe maji, zivimbe, zibanane.

Nikamsimulia mtumbwi wa baba yetu kule Ukerewe, uliofudikizwa chini ya mwembe tangu afariki. Swali lake la kwanza: "Unanyeshewa?" Akasema chumvi ni dawa ya mbao, kinachouozesha mti ni maji ya mvua, na sisi wa ziwani hatuna chumvi ya kutusaidia. Baba alikuwa akiupaka mafuta kila mwaka kwa mikono yake, na hakuna kati yetu aliyeendeleza.

Jioni ile ile nilimtumia kaka hela ya turubai. Akajibu kuwa turubai Nansio limepanda bei, niongeze. Nimeongeza.