Mchochota sugu wa figo: anza na mkojo wa asubuhi

Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi, ndiyo maana wengi hapa Bukavu wanafika hospitali miguu imeshavimba. Mara nyingi kinga ya mwili yenyewe hushambulia vichujio vidogo vya figo. Vinavuja protini na damu, kisha vinageuka kovu. Kovu haliponi.

Povu lisiloisha kwenye mkojo lisidharauliwe. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, chovya bandeleti (kijikaratasi cha kupimia mkojo), ikung'ute, subiri sekunde 60, ndipo usome kisanduku cha protini. Ukichelewa, rangi inakudanganya. Alama moja (+) ya protini wakati wa homa au baada ya kubeba mizigo si hukumu: rudia baada ya wiki moja au mbili. Ikibaki, omba kipimo cha kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyochuja), na cha presha.

Presha ndiyo vita yenyewe; wengi hulengwa chini ya 130/80. Enalapril au lisinopril hushusha presha na protini pamoja, ila kreatinini na potasiamu vipimwe tena baada ya wiki 1 hadi 2. Mjamzito asizitumie. Ukiharisha au kutapika sana, muulize daktari upesi kama uzisimamishe kwa muda, maana mwili uliokauka maji huumiza figo.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu humo kube za mchuzi na samaki wa chumvi. Sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, ni afadhali. Na zile diklofenaki na ibuprofeni za sokoni Kadutu, za mgongo? Achana nazo, huumiza figo. Maumivu yakizidi, parasetamoli.