Wateja walikuwa hawaoni stetasi yangu ya WhatsApp: kilichosaidia

Wauza zabibu wenzangu wa Dodoma, hili limenisumbua tangu msimu uanze. Naweka picha za zabibu za Hombolo kwenye stetasi, wanaotazama ni ndugu tu. Wateja wa mitaa ya Kisasa na Ilazo hawamo, ingawa namba zao ninazo. Nikabadili picha, nikabadili saa, nikalipia tangazo Instagram. Hali ile ile.

Kumbe stetasi huonekana pale tu namba zikihifadhiwa pande zote mbili. Brodikasti nayo, yaani ujumbe mmoja unaoutuma kwa wengi kwa mpigo, yenye kikomo cha watu 256 kwa orodha, haimfikii asiyekuhifadhi.

Basi nikamwandikia kila mteja peke yake: “Shikamoo mama, mzigo mpya unaingia Ijumaa. Naomba unihifadhi kwa jina Zabibu Hombolo, uwe unaona bei.” Hilo jina ndilo lililoleta tofauti. Ukimwambia mtu “hifadhi namba yangu” anaahirisha. Ukimpa jina la kuandika, anahifadhi papo hapo, na siku akitamani zabibu anaandika “zabibu” kwenye simu, anakupata.

Mteja mpya namwomba ahifadhi kabla sijamkabidhi boksi. Sasa mzigo unaisha kabla jua halijawa kali, na zabibu hazivumilii joto.